Tope la Molo
Jana saa kumi na moja asubuhi tulikuwa tushafunga baiskeli tano juu ya matatu hapa Nakuru, tukapitia Njoro na Elburgon hadi Molo kwa mbio za saiklokrosi, zile za baiskeli za kuzunguka kwenye tope na vilima, na baridi ya Julai huko juu si mchezo, vidole vilikufa ganzi kabla hata sijashika breki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Raundi ya pili tope likajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, nikashuka, nikachokora na kijiti, nikabeba baiskeli begani nikapanda kilima mbio. Kule Ubelgiji hii ndio saiklokrosi yenyewe, kila majira ya baridi, wao hata kwa barafu, na kwa mbio za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, tairi haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33! Sisi tulipunguza upepo kidogo ndio zishike, na inasaidia sana aki.

Cheni ya mdogo wetu ilikatika, akakataa kutoka, akasukuma hadi mwisho na sisi wanne tukarudi kukimbia kando yake. Nilitokwa na machozi. Mama wa kibanda akatupea maji moto tunawe, na chai ya maziwa, tukarudi tumelaliana ndani ya matatu viatu bado vinachuruzika.