Siku Nne Alizokaa Kaka

Kaka ameondoka asubuhi ya leo baada ya kukaa nasi siku nne, mchana na usiku. Mama amelala. Nimeketi na daftari la jalada gumu ambalo kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika humo hali yake ya kila siku, na nimesoma mara tatu kurasa zenye mwandiko usio wangu.

Kabla ya wiki hii Kaka alikuwa akija kwa saa mbili au tatu, kisha anarudi kwake. Mama akisikia tu sauti yake mlangoni alibadilika: alijiweka sawa kitini, akajinyoosha nguo, akamwuliza habari za watoto na za kazi, akacheka mahali pa kucheka. Akiulizwa jambo asilolikumbuka alijibu, "Mambo ni yale yale, mwanangu," jibu lisiloweza kumsaliti mtu. Wakati wa kuagana Kaka alinivuta kando na kuniambia kwa upole, maana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, "Mama ni mzima huyu. Ni uzee tu, mdogo wangu. Usimwuguze mtu asiyeumwa." Mlango ukifungwa, haikupita nusu saa kabla Mama hajaanza kutangatanga chumba hadi chumba, amechoka na kukasirika, akitafuta pochi yake na kuniita mwizi.

Kwa muda mrefu jambo hilo liliniumiza kuliko kazi yote ya kumwogesha, kumvisha na kukesha naye. Nilijiuliza kwa nini uzima wake uwekewe mgeni, nami niachiwe ugonjwa. Baadaye nilielewa kwamba adabu ya mazungumzo, ile ya kujuliana hali na kuitikia, ni mazoea aliyoyabeba tangu utoto, na haimhitaji akumbuke kilichotokea asubuhi. Ndiyo maana hudumu wakati mambo mengine yameshaondoka. Mama alikuwa akikusanya nguvu zake zote kwa ajili ya saa mbili hizo, na mimi nilikuwa nikibaki na uchovu uliofuata. Watu wengi wanaoishi na mgonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, wanaijua hali hii, na wengi wamekwisha kuonekana waongo au watu wa kukuza mambo mbele ya ndugu zao wenyewe kwa sababu yake.

Habari ya pochi nayo ina mantiki yake. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio aina ya dimenshia inayopatikana zaidi, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohifadhi matukio mapya, huwa miongoni mwa zile zinazoharibika mapema. Mama anaogopa kuibiwa, kwa hiyo anaificha pochi; dakika chache baadaye tendo la kuificha limefutika kabisa, lakini mahali alipoizoea anapaona patupu. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akikuta kitu chake hakipo na akiwa na hakika kwamba hakukigusa, angesema kimeibwa. Na mtu wa kushukiwa ni nani, kama si yule aliyemo ndani ya nyumba? Nimeikuta pochi hiyo katikati ya blanketi zilizokunjwa, ndani ya kiatu, na safari moja chini ya godoro langu mimi, jambo ambalo siku ile lilionekana kuwa ushahidi kamili dhidi yangu.

Nilipata faraja ya ajabu kidogo niliposoma habari za Auguste Deter, mwanamke aliyepokelewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, na ambaye daktari Alois Alzheimer alimchunguza kwa makini. Alipoulizwa jina lake alijibu, "Auguste." Alipoulizwa jina la mumewe akasema anadhani ni Auguste. Baada ya kufariki kwake mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake na kueleza mabaka na nyuzi zilizosokotana ambazo mpaka leo ndizo alama za ugonjwa huo. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba dalili ya kwanza iliyoandikwa katika taarifa yake haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu na shuku dhidi ya mume wake. Hivyo basi, tangu mgonjwa huyo wa kwanza kuelezwa, mtu wa karibu zaidi ndiye aliyetuhumiwa mwanzo, na nilipolisoma hilo nililia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kuna ubaya fulani wangu wa zamani ambao Mama hajanisamehe.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza hutolewa na wanawake. Nikitazama takwimu hiyo namwona kila mmoja wa wanawake hao akiwa na ndugu wa upande wa pili wa simu anayesema, "Lakini nilipozungumza naye alikuwa sawa."

Neno "ni uzee tu" silipendi, na sababu yangu si uchungu peke yake. Kupoteza kumbukumbu kiasi cha kushindwa kuendesha maisha ya kila siku si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na zipo hali zinazoleta usahaulifu unaofanana nako ambazo zinatibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi, sonona, au dawa zinazotumiwa pamoja pasipo kupatana. Anayesema ni uzee humnyima mgonjwa nafasi ya kuchunguzwa hayo. Mama alichunguzwa yote. Siku hiyo daktari alimpa karatasi akamwomba achore saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alichora duara zuri, kisha akapanga namba zote upande mmoja, zimebanana, na upande wa pili akauacha mweupe. Akaitazama, akajua kwamba haiko sawa, lakini hakujua kosa liko wapi. Akanigeukia na kusema, "Nisaidie." Sikuruhusiwa kumsaidia.

Daftari lilianza siku hiyo, kwa ushauri wa daktari huyo huyo. Naandika usingizi, chakula, maji, choo, na saa ambazo wasiwasi unaanza. Kuna waliolicheka daftari hili, lakini ndilo lililoonyesha, mwaka jana, kwamba katika siku mbili Mama alikuwa ameporomoka kuliko katika miezi sita iliyotangulia: alikuwa akiona watu ambao hawapo na hakuweza kumaliza sentensi. Dimenshia huwa haiendi kwa kasi hiyo. Nilimrudisha hospitalini nikiwa na kurasa mkononi, akapimwa, ikagundulika ana maambukizi ya njia ya mkojo, akatibiwa, na polepole akarudi alipokuwa. Ningekubali kwamba "ugonjwa umezidi tu", sijui leo tungekuwa wapi.

Lipo jambo moja ambalo sikuliandika humo. Usiku mmoja, baada ya kuamshwa mara ya sita, nilimpigia Mama kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Asubuhi hakukumbuka lolote, lakini nilipomkaribia na taulo alijikunyata, akaweka mikono mbele ya uso. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha, wakakuta kwamba hisia zilibaki ndani yao hata baada ya wao kusahau walichokitazama. Sikuhitaji kusoma utafiti huo ili nijue. Niliuona mikononi mwa mama yangu. Tangu siku hiyo kelele zikinijia kooni natoka nje, nasimama ukutani hadi pumzi ishuke, hata kama yeye analia ndani.

Baada ya usiku ule nilimpigia Kaka simu. Sikulalamika na sikueleza. Nilimwambia, "Kaka, sikuombi uniamini. Nakuomba uje ulale hapa siku nne."

Alikuja. Siku ya kwanza ilikuwa kama nilivyotarajia: Mama aling'aa, wakazungumza mpaka jioni, na usiku Kaka akalala fofofo huku mimi nikiamka na Mama mara tatu. Asubuhi aliniambia usiku ulikuwa mtulivu, nami sikusema kitu. Lakini kufikia jioni ya siku ya pili Mama hakuwa na nguvu tena za kumpokea mgeni. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akachukua mkoba, akasema anataka kwenda nyumbani, kwa kuwa mama yake anamsubiri. Nyumba hii ameishi zaidi ya miaka 30. Kaka alimshika mkono na kumweleza kwa heshima yote, "Mama, hapa ndipo nyumbani. Na Bibi alishafariki, mimi nilikuwepo mazishini."

Nilitaka kumzuia nikachelewa. Mama aliipokea habari hiyo kama mtu anayefiwa dakika ile ile, kwa kuwa kwake ilikuwa dakika ile ile. Alikaa sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo Kaka hakuwahi kuisikia maishani mwake. Tulipomtuliza na kumlaza, akaamka baada ya saa moja, akachukua mkoba, akasema mama yake anamsubiri.

Safari hii mimi ndiye niliyekwenda. Nilimwambia, "Mama, nisimulie habari za Bibi. Alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?" Akaweka mkoba chini na kuanza kusimulia. Tulipobaki wawili, Kaka aliniuliza kama huko si kumdanganya mzazi. Swali lake ni la haki na nimelibeba miaka mitatu. Nilimjibu kwamba simwambii Mama kuwa Bibi yuko hai. Namwuliza kuhusu kile anachokitamani, na anachokitamani ni cha kweli: anataka mahali ambapo hana hofu, na mtu anayemjua. Kumpa hicho si uongo. Kumfisha mama yake mbele yake kila jioni, eti kwa sababu tarehe ziko upande wetu, huo naona ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema. Mimi nimeshaufanya mara nyingi kabla sijajua.

Usiku wa tatu Kaka aliomba akeshe yeye. Nikiwa chumbani nilimsikia Mama akimwuliza, "Wewe ni nani? Umeingiaje humu?" Kukawa kimya, kisha nikasikia mlango wa nje. Nilimkuta ameketi gizani kwenye ngazi, mtu mzima, mtoto wa kwanza wa mama yake, machozi yanamtoka wala hayafuti. Akaniuliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Jibu lenye makali lilikuwa tayari ulimini mwangu, nami nashukuru kwamba halikutoka. Nilimwambia miaka mitatu. Akasema, "Na mimi nilikuwa nakwambia ni uzee." Hatukusema zaidi ya hapo, kwa kuwa Mama alikuwa ameshaanza kugonga mlango kwa ndani.

Nilidhani nitajisikia mshindi siku atakayoona kwa macho yake. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo upande mmoja na kugundua kwamba mwenziwe naye sasa amekunja uso. Lakini nililala. Usiku wa nne nililala saa saba mfululizo, kwa mara ya kwanza baada ya muda nisioweza kuukumbuka, na nilipoamka nilikuta daftari mezani likiwa wazi.

Ameandika kwa mwandiko wake wa kuinama, kila kitu na saa yake. Saa tisa usiku ameamka, ameuliza kama mvua inanyesha, nimemwambia hapana, amerudi kulala. Saa kumi na robo ameniita kwa jina la mjomba, nimeitika. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameongeza jambo ambalo mimi, kwa miaka mitatu ya kuwa ndani ya nyumba hii, sikuliona: wasiwasi wa jioni haumwanzi Mama akiwa jikoni, unamwanza akifika kwenye ujia. Taa ya ujia huwa hatuiwashi mpaka giza liwe limeingia kabisa, na pale sakafuni kuna zulia jeusi. Yeye alimwona akisimama ukingoni mwake jioni mbili mfululizo, akilijaribu kwa kidole cha mguu, kama mtu anayeogopa kutumbukia shimoni.

Nimelikunja zulia na kuliweka kabatini. Leo saa kumi na moja jioni niliwasha taa ya ujia, kukiwa bado na mwanga. Mama alitoka jikoni, akasimama pale pale anaposimama kila siku, akatazama chini. Kisha akapita. Mkoba ameuulizia baadaye, saa mbili usiku, nikamwuliza habari za Bibi. Nimeyaandika hayo katika ukurasa unaofuata wa Kaka, na kesho nitampigia simu nimsomee.