Nilivyoifuata mbalamwezi hadi Hội An

Kilichonivuta Hội An, mji wa katikati ya Vietnam, ni historia ya pepo za msimu. Kama ilivyokuwa Lamu na Unguja, wafanyabiashara walifika kwa upepo wa msimu mmoja, nao walitoka China na Japani, wakakaa wakingoja upepo wa kuwarudisha kwao. Baadhi walihamia moja kwa moja na kujenga. Mto Thu Bồn ulipojaa mchanga, meli kubwa zilihamia Đà Nẵng, na mji ukasalia na nyumba zake za mbao. Uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Tarehe za safari nilizipanga kwa mwezi mwandamo, kwa sababu usiku wa mwezi kumi na nne mji wa kale hupunguza taa za umeme na kuwasha kandili. Ukipanga hivyo, usitumie kalenda yetu ya Kiislamu kama ilivyo. Wavietnam huanza kuhesabu siku mwezi unapofichika kabisa, sisi tunangoja uandame, kwa hiyo hutangulia kwa siku moja au mbili. Epuka pia Oktoba na Novemba, mto unapofurika. Katika nyumba ya kale ya Tân Ký alama za mafuriko zimewekwa ukutani, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima.

Nilitua Đà Nẵng, nikachukua gari, kama kilomita 30. Tiketi ya mji wa kale hukuruhusu kuchagua majumba machache ya kuingia. Mimi ningeanza na ukumbi wa jumuiya ya Wachina wa Phúc Kiến, yaani jimbo la Fujian. Humo huheshimiwa Thiên Hậu, mlinzi wa mabaharia, na uvumba uliozungushwa hufuka taratibu darini. Mtu wa pwani ataelewa mara moja kwa nini mlinzi wa bahari amepewa nafasi hiyo. Njiani tazama juu ya milango: utaona jozi ya macho ya mbao yaliyochongwa, kinga ya nyumba. Nilisimama karibu kila mlango.

Chakula kilinitia wasiwasi, maana cao lầu, tambi nene zinazosifika hapa, huja na nyama ya nguruwe. Nilitafuta vibao vyenye neno “chay”, yaani chakula kisicho na nyama. Karibu na mwezi mpevu Wabudha wengi hujizuia na nyama, hivyo siku zile zilinifaa sana. Cao lầu ya chay, yenye tofu na majani mabichi, niliila kila siku.

Usiku, watalii wengi hukimbilia mashua za kandili. Nenda, ni nzuri, ila usikose bài chòi, mchezo wa kadi na nyimbo, kando ya mto. Unanunua kadi, mwimbaji anachota kadi na kuighani kwa beti za mafumbo, nanyi mnakisia jina kabla hajalitaja. Sikuelewa maneno, lakini wazee waliokaa karibu yangu waliitikia kila ubeti, na mmoja alinionyesha kwa kidole kila kadi yangu ilipotajwa.