Shanga za kalenda kwenye mti wetu wa Krismasi

Mume wangu, mwanajeshi wa Uganda, aliondoka kwenda Somalia Februari 2023. Nilibaki hapa kwenye kambi ya jeshi Jinja na watoto watatu, na mama mkwe akaja kutoka Masaka kunishika mkono. Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Desemba, kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka minne, akaniuliza kama mwaka huu tutaweka mti. Miaka yote baba yao ndiye aliyekuwa akileta tawi la saipresi begani. Nikamwambia tutaweka. Sikuwa na hela ya mapambo ya dukani, na yale ya zamani yalikuwa yamepauka na kubanduka kimemeti chote.

Tulianza na unga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo hadi donge likazane. Watoto walikata nyota na mioyo, wakatoboa matundu kwa mrija wa soda. Oveni sina, kwa hiyo nilitumia sufuria yenye mchanga juu ya sigiri, kama tunavyooka keki. Makaa yalikuwa mengi mno: nyota zikafura na kupasuka. Zilizofuata nikazianika juani siku tatu, zikakauka vizuri, lakini ukiziacha nje usiku chumvi inavuta unyevu na asubuhi zimelegea. Tulipata sita tu za kutundika. Ukitaka kujaribu, weka moto mdogo kabisa, na uziweke mbali na kuku, maana chumvi nyingi kiasi hicho inaua kuku.

Halafu nikanunua sokoni kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mtuba. Rangi yake ya kahawia iliyoiva naipenda sana, nikaona itafaa kukatia malaika. Mama mkwe aliniona nimeshika mkasi. Akaja, akakitoa kitambaa mkononi mwangu taratibu, akakikunja mara nne.

"Mwanangu, hiki kwetu tunazikia watu. Na mwanangu yuko vitani."

Nilijua kwamba Waganda, yaani watu wa Buganda, huvika lubugo marehemu wao. Mimi ni Msoga, nililijua vizuri, ila siku hiyo nilikuwa nimeona uzuri tu. Najua pia kwamba UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa kitamaduni wa binadamu wote, na wafalme wa Buganda hutawazwa wakiwa wamevaa lubugo. Lakini mama alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, naye akakiweka kitambaa sandukuni mwake.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, Mwacholi aliyeishi miaka mingi Banda, Kampala, kwenye ule mtaa unaoitwa Acholi Quarter. Wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini wamelea watoto pale kwa kuuza shanga za karatasi. Alipokuja kuazima kibiriti akakuta unga umetapakaa sakafuni, akacheka, akauliza, "Karatasi ngumu mnayo?" Nikatazama ukutani. Kalenda ya mwaka ule ilikuwa bado inaning'inia, kurasa kumi na mbili, karatasi nzito yenye kung'aa, picha juu na tarehe chini.

Kazi yenyewe ni hii. Unachora pembetatu ndefu nyembamba, msingi wake kama sentimita mbili, urefu wake urefu wote wa ukurasa, moja ikitazama juu na ya pili chini ili karatasi isipotee. Ukurasa mmoja ulitupa vipande zaidi ya ishirini. Unaanza kuviringisha kwenye kijiti cha meno kutokea upande mpana, umekaza, ukihakikisha kila mzunguko unakaa katikati ya ule wa chini. Ukifika kwenye ncha unapaka gundi tone moja, unabana, unahesabu hadi kumi, unachomoa kijiti. Ushanga unatoka umenenepa katikati na kuchongoka pembeni. Kilichotushangaza ni rangi. Picha yenyewe inapotea kabisa, na zile tarehe zinageuka vijistari vidogo vyeusi, na penye Jumapili unapita uzi mwekundu kuzunguka ushanga. Wa kati wangu alikaa dirishani muda mrefu akigeuzageuza ushanga mmoja, anatafuta Jumapili.

Vanishi niliipaka mwenyewe nje, kwa sababu ya harufu, shanga zikiwa zimechomekwa kwenye spoki za baiskeli. Mipako miwili, siku nzima katikati.

Wazo la miezi lilikuwa la kifungua mimba, mwenye miaka kumi na mmoja. Alisema tusichanganye kurasa: kila mwezi uwe na uzi wake. Januari baba alikuwa bado yupo nyumbani, uzi huo ukae chini kabisa karibu na shina. Halafu Februari, Machi, tukipanda. Nilinyamaza kwanza, nikaona ni sawa.

Tulipofika Mei, akaweka kiganja juu ya ukurasa. Kulikuwa na picha ya Mto Nile, buluu tupu. Tarehe 26 Mei, alfajiri, kituo cha wanajeshi wetu kule Buulo Mareer kilishambuliwa, na baadaye Rais alitangaza kwamba wanajeshi 54 waliuawa. Mume wangu alikuwa kituo kingine, lakini kwa siku mbili simu yake haikupatikana, na katika siku hizo mbili hakuna mwanamke aliyepika kwa furaha katika mistari hii ya nyumba.

"Mama, huu tuuache?"

"Hapana. Tuukate. Lakini tutauviringisha mimi na wewe."

Wadogo walipolala tukawasha taa, tukaviringisha Mei yote, shanga ishirini na mbili, bila kuzungumza sana. Naziona mpaka leo kuwa ndizo zilizokazwa vizuri kuliko zote.

Tawi la saipresi nilinunua barabarani, nikalisimamisha kwenye debe la rangi lenye mchanga na mawe. Mwagilia mchanga huo kila jioni, la sivyo majani yanaanza kudondoka hata Krismasi haijafika. Na mshumaa usiuweke karibu, saipresi ikikauka inashika moto kama petroli. Kitinda mimba alitundika nyota zake zote za unga kwenye tawi moja, pale mkono wake ulipofika, hadi tawi likainama. Jirani alitaka kuzitawanya. Nikamzuia. Mtoto alikuwa akipita kila asubuhi anazihesabu, na zilikuwa mahali pake.

Ukurasa wa Desemba walikataa kuukata. Walisema mwezi haujaisha, na mama mkwe akawaunga mkono. Kwa hiyo Krismasi yetu ilikuwa na nyuzi kumi na moja, na juu kabisa palikuwa wazi.

Baba yao alifika wiki ya pili ya Januari. Mti ulikuwa umekuwa kahawia, ukiugusa unamwaga majani sakafuni, lakini watoto hawakuniruhusu kuutoa. Alisimama mbele yake na mkoba wake bado uko mgongoni, wakamweleza uzi kwa uzi. Kwenye Mei alishika shanga zile za buluu, akazizungusha kidogo kwa kidole gumba, akaziachia bila kusema kitu.

Jioni ile mama mkwe akateremsha kalenda ukutani, ukurasa mmoja uliobaki. Tukaketi wote kwenye mkeka. Vidole vinene vya baba yao vilihangaika na kile kijiti, karatasi ikamfunguka mara tatu, na kitinda mimba akasogea, akaichukua kutoka mikononi mwake, akaigeuza.

"Baba, anza na upande mpana."