Siku moja ya kazi Darjeeling, kuanzia saa tisa usiku

Saa tisa na nusu usiku nagonga milango ya vyumba, mmoja baada ya mwingine. Vaeni koti zito, glavu na kofia ya kufunika masikio. Mimi ni mtoto wa Moshi, niliyeanza kazi ya mlima nikiwa mgumu wa kubeba mizigo Kilimanjaro kabla ya kuwa mwongozaji. Novemba mvua za vuli zinapopunguza wageni kwetu, huku Himalaya ya mashariki mwa India anga huwa safi. Ndiyo maana naleta vikundi vidogo vya wasafiri wa Afrika Mashariki kwenye mji huu wa milimani, mita 2,042 juu ya usawa wa bahari.

Saa kumi alfajiri tuko ndani ya jipu. Dereva wetu ni Mnepali wa hapahapa; namwita dai, kaka mkubwa, kama wanavyoitana wenyewe. Foleni ya magari yenye taa kali inapanda kuelekea Tiger Hill, mita 2,590. Nimewaambia wenzangu wasitegemee upweke huko juu. Mamia ya watu wanasubiri jua, na akina mama wanapita na chupa za kahawa ya moto. Nunueni, vidole vitawashukuru.

Karibu saa kumi na mbili kilele cha Kangchenjunga kinashika wekundu, halafu rangi ya chungwa, na sisi chini bado tumo gizani. Mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Hadi 1852 wapimaji walidhani ndio mrefu kuliko yote. Mama mmoja wa Kericho ananivuta mkono. "Mwanangu, Everest ni ule mkubwa?" Hapana mama, ni ule mdogo, mbali kule kushoto. Makalu inaonekana kuuzidi kwa sababu iko karibu nasi zaidi. Anautazama kimya, kisha anasema, "Basi nimeuona." Baada ya jua kupanda, wengi hukimbilia magari. Sisi tunabaki nusu saa nzima, kwa kuwa mawingu huanza kupanda kutoka mabondeni asubuhi hiyohiyo, na milima ikishafunikwa hairudi kwa kuombwa.

Saa mbili, kifungua kinywa: roti, mayai, chai. Kila mtu anachaji simu.

Saa tatu na nusu ndiyo saa ninayoingoja mimi. Tunaingia bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu, tunawaona panda wekundu na chui wa theluji, halafu tunapanda ngazi hadi Himalayan Mountaineering Institute, chuo cha kupanda milima kilicho ndani ya eneo hilohilo. Chuo hiki kilianzishwa Novemba 1954, mwaka mmoja na nusu baada ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kufika kilele cha Everest, na Tenzing ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza wa mafunzo ya nje. Alianza kama mpagazi katika msafara wa Waingereza wa 1935. Alipofariki 1986, mwili wake ulichomwa hapahapa, na sanamu yake imesimama juu ya uwanja huu.

Hapa huwa sina haraka. Nawasimulia wageni kuhusu wagumu wetu, na kuhusu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer hadi kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Watoto wa shule kwetu wanalijua jina la Meyer. La Lauwo ni wachache wanaolijua. Darjeeling wamemweka mbeba mizigo mahali pa mwalimu, wakampa chuo, na vijana wa India nzima wanakuja kujifunza kamba na barafu alipofundisha yeye. Natamani kwa moyo wote kuliona jambo la ukubwa huu Moshi, nikiwa hai.

Saa sita tunashuka barabara ya Lebong hadi jabali la Tenzing. Vijana wawili wa kikundi changu wanafungwa kamba na kupanda. Jabali la pili, ng'ambo ya barabara, lina jina la Nawang Gombu, mpwa wa Tenzing, mtu wa kwanza kufika kilele cha Everest mara mbili, 1963 na 1965. Mimi nakagua mafundo ya kamba hata kama fundi wa hapa ameshayakagua.

Saa nane, garimoshi dogo. Reli yake ina upana wa sentimita 61 tu, ilikamilika 1881, na tangu 1999 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Injini ya mvuke inapanda huku wafanyakazi wakikaa mbele kabisa wakimwaga mchanga relini ili magurudumu yasiteleze. Mahali paitwapo Batasia reli inajizungusha yenyewe kupunguza ukali wa mteremko, na mwisho ni Ghum, mita 2,258, kituo cha juu kuliko vyote India.

Saa kumi na moja jua limeshazama. Tunakunywa chai ya vuli, majani yaliyokunjwa mazima, bila maziwa. Mama wa Kericho, aliyekulia kwenye mashamba ya chai inayosagwa, anainusa muda mrefu kabla ya kuionja. "Hii haitaki sukari," anaamua. Wengine wanaomba sukari hata hivyo.

Njiani kurudi hotelini anatupita mzee amebeba mtungi wa gesi mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, akipanda ngazi zilizotushinda sisi na mikoba yetu. Tunamwachia njia.

Saa mbili usiku, kikao cha kesho. Asubuhi tunakwenda Maneybhanjang, kisha kwa miguu siku kadhaa hadi Sandakphu, mita 3,636, na mwongozaji wa kijiji, maana bila yeye huruhusiwi. Natoa mizani yangu ya mkononi na kupima mabegi. Kilimanjaro kanuni ni kilo 20 kwa mgumu mmoja. Huku nimewaomba wageni wasizidishe 12. Kijana mmoja wa Nairobi ana 17. Tunafungua begi lake kitandani, tunatoa viatu vya ziada, spika na suruali mbili za jinzi, mpaka mizani inasoma 12.