Sasa yeye kalipa nini?

Leo siku ya tano, na swali la Kifungua Mimba bado limenikwama kooni.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Bosi kahamishwa, mdogo wangu kaposwa, na hesabu za mwisho wa mwezi zimefungwa bila senti kupotea. Mtu mwenye akili zake angeandika hayo. Mimi kila nikikaa naisikia ile sauti ya miaka 13 kutoka kiti cha nyuma, inafungua kamba za viatu.

Nilikuwa nimeapa kutoshika tena filimbi. Jumamosi, kwenye mechi ya watoto wetu, refa hakutokea, wazazi wakageuza shingo wote kunitazama. Basi. Dakika za mwisho, bila kwa bila, Kifungua Mimba akamwacha beki, akamlamba chenga kipa, lango likabaki tupu, na kipa akamwangusha. Nikapuliza: penalti, na kadi ya njano. Kocha wa kina Kifungua Mimba alipopiga kelele za nyekundu nikamkata, "Sheria ilibadilika 2016, mwalimu." Kifungua Mimba akapiga mwenyewe. Kipa yule yule akadaka. Sare.

Ndani ya gari:

"Baba, sasa yeye kalipa nini?"

"Kala kadi. Na nyinyi mmepata penalti."

"Mimi nilikuwa na goli. Nimerudishiwa penalti."

"Ni karibu sawa."

"Karibu," akasema, akageukia dirishani.

Hiyo "karibu" ndiyo iliyonimaliza. Nimeijibu bafuni, nimeijibu kwenye foleni, nimeijibu katikati ya hotuba ya kumuaga bosi hadi jirani yangu akaniuliza nanong'ona nini.

Jibu la bafuni ni zuri, naliandika. Zamani, kumnyima mtu goli la wazi ndani ya boksi kulileta adhabu tatu kwa kosa moja: penalti, nyekundu, na kukosa mechi inayofuata. Mwaka 2014 kipa wa Arsenal, Szczęsny, alimwangusha Robben wa Bayern. Alaba akaikosa penalti, lakini Arsenal walicheza zaidi ya nusu ya mechi wakiwa kumi, wakafungwa 2-0. Mechi ilikufa pale pale kadi ilipotoka. Ndiyo maana tangu 2016, ukiwa umeuwania mpira kweli na refa akatoa penalti, unapewa njano tu. Ukivuta, ukishika, ukisukuma, au mpira ukiwa huna namna ya kuufikia, nyekundu iko pale pale. Nimekuwa upande wa sheria hii tangu siku ya kwanza. Adhabu ikiwa nzito kuliko kosa, refa mwenyewe anaogopa kupuliza.

Halafu "karibu" inanirudisha Johannesburg, Kombe la Dunia 2010. Ghana na Uruguay, 1-1, dakika ya 120, mpira wa Ghana unaingia na Suárez wa Uruguay anautoa kwa mikono kwenye mstari. Sheria ikatoa kila ilichokuwa nacho, nyekundu na penalti. Gyan akagonga mwamba. Wakaenda kwenye matuta, Uruguay 4-2, na Suárez tulimwona akishangilia njiani kuelekea vyumbani. Nilitaka kumwambia mwanangu: unaona, hata nyekundu hairudishi goli. Nikaona nitakuwa nimempa yeye ushindi. Kama penalti si goli, basi aliyeliiba lazima atozwe kitu cha kumuuma yeye mwenyewe. Raga hawana mzozo huu: ukiizuia kwa faulo try (bao lao) ambayo ingefungwa, refa anaitoa tu, pointi 7, twende. Sisi tunarudi kwenye mita 11 na kuomba Mungu.

Hadi Jumanne usiku nilikuwa nabishana hivyo, na ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Ndipo mzazi mmoja akatuma video kwenye kundi.

Sekunde nane. Mpira umeshampita kipa, uko mbali, na mkono wake hauufuati. Unarudi nyuma, unakamata kifundo cha mguu. Umekamata kabisa, vidole vimefumba. Hiyo ni nyekundu ya zamani, ya 2016 na ya leo. Sheria niliyomtajia kocha kwa kiburi ndiyo iliyokuwa inanihukumu.

Na niliuona. Nimeirudia video mara kumi na tano nikijitafutia kona ya kujificha, lakini niliuona mkono ule palepale uwanjani. Kabla sijaingiza wangu mfukoni nilisikia kabisa watakachosema: refa ni baba yake. Njano ikatoka yenyewe. Timu ile haikuwa na kipa wa akiba, nimejaribu kujiambia niliwaonea huruma. Hapana. Nilijionea huruma mimi, na bili akalipa Kifungua Mimba.

Sijui sasa kwenye gari alikuwa anamuuliza refa au ananiuliza mimi. Video anayo, wote wanayo, na hajasema neno. Jana jioni alikuwa anapiga penalti ukutani, moja baada ya nyingine, upande ule ule wa kushoto. Nilisimama mlangoni na ule mwiba wangu kooni. Akasema, "Baba, unanizibia mwanga," nikasogea.

Nitamwambia kesho. Bibi yake hapokei simu tangu mchana, na jirani anayemwangaliaga kasafiri. Ngoja nipige tena.