Fundi moja wa ku Kamalondo

Hilux, pikapu yangu, imenyamaza. Mliochoshwa na habari ninazoandika za ngurumo yake tangu mwezi wa nane, pumueni. Mimi ndiye sipati usingizi.

Mnajua tulikotoka: ikigusa 60 tu, kiti kinatetemeka hadi meno yanagongana, na volani, yaani usukani, imetulia kama haihusiki. Nimelipia ekilibraji (kusawazisha) ya magurudumu mara mbili, nimebadilisha rulema (beringi) za nyuma, bure. Jumatano nikaichukua barabara ya Likasi, nikafika 80, nikatoa gia, nikaiacha iteleze yenyewe. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki palepale. Basi injini haina kosa. Kinachougua ni kile kinachozunguka pamoja na magurudumu. Nikarudi mjini Lubumbashi kifua mbele.

Alhamisi, garajini Katuba, fundi mzee hakungoja hata nimalize hotuba yangu. Alimtuma kijana wake chini na tochi ya simu. Hazikupita dakika mbili.

"Mzee, kuja uone."

Kardani, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na mataya, yaani zile uma za kila mwisho zinazoshika misalaba ya viungo, lazima yakae mstari mmoja. Yakikaa hivyo, msalaba wa nyuma unasawazisha kile ambacho wa mbele unapotosha. Yangu yalikuwa yamepishana.

"Nani alifungaka hii kardani?"

Mnakumbuka nilivyoandika mwezi wa nane? Grisi hadi viwikoni, majivuno yote yale ya kushusha kardani na kubadilisha misalaba mwenyewe?

"Fundi moja wa ku Kamalondo," nikajibu.

"Ule haiko fundi, Profu. Ule ni mulozi."

Akacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kumpita yeye.

Kwa nini Kamalondo? Sina fundi Kamalondo! Ulimi ulidaka tu mtaa uliokuwa karibu. Tangu siku hiyo ninajaribu majibu mengine, nikinyoa ndevu, nikisahihisha madaftari: "Ni mie, Mzee." Maneno matatu. Yangenigharimu nini?

Lakini hata hilo silo linalonikera. Kijana hakucheka. Alikuwa ameona nati zilizoliwa pembe, na kabla ya hapo alikuwa amehamisha sanduku langu la funguo za nati kutoka nyuma ya kiti. Nilipolipa, alinipa ufunguo wa gari kwa mikono miwili, macho chini.

"Profu, siku ingine, mbele ya kufungua kardani, weka kwanza alama ya rangi."

Siku ingine. Aliniambia mimi, si mtu wa Kamalondo. Na alisubiri mzee aende kunawa mikono ndipo aseme.

Jumamosi tulikuwa Likasi kwa ndoa ya shemeji. Kilomita 120 kwenda, 120 kurudi. Kwenye mteremko mmoja mama watoto akaamka ghafla, akanishika mkono: "Gari imezimika?" Haikuwa imezimika. Ilikuwa inateleza tu, kimya, na mtoto amelala mdomo wazi. Nikaanza kuimba peke yangu kama mlevi. Mtu wa Kamalondo alinitoka kichwani kwa saa nzima.

Leo asubuhi ndoo ya kisima imegonga chini, ikapanda na matope nusu. Mvua bado. Jirani anasema cha kwake kilikauka Ijumaa.