Siku moja maishani mwangu: Jujutsu mkononi, Git chini yake

Saa 2 asubuhi. Nafungua terminali na kuandika `jj new main`, yaani anza kazi mpya juu ya tawi kuu la mradi, main (tawi ni mfululizo wa kazi wenye jina lake). Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, nimeitumia miaka mingi, na hadi leo komiti zangu zote, yaani hatua za kazi zilizohifadhiwa, zinakaa ndani ya Git. Ila siku hizi amri natoa kwa Jujutsu (kwa kifupi jj), zana aliyoianzisha Martin von Zweigbergk mwaka 2019. Hakuna `add`, ile amri ya Git ya kuteua mabadiliko yatakayoingia kwenye komiti. Kila nikiita amri ya jj, mabadiliko ya kwenye faili yanaingia yenyewe kwenye komiti ninayoifanyia kazi. Ujumbe nitauandika nikishajua nimefanya nini hasa.

Saa 4. Simu. Kuna hitilafu kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, na inatakiwa irekebishwe sasa hivi. Faili zangu ziko nusunusu, hata programu haijengeki. Kwenye Git hapa ndipo watu hukimbilia `stash`, amri ya kuweka kando kazi isiyokamilika, na baadaye wanakuta rundo la vipande wasivyokumbuka vya nini. Naandika `jj new main` tena, basi. Kazi ya asubuhi imebaki kwenye komiti yake na faili zilizo mbele yangu ni safi. Narekebisha, nasukuma, kisha `jj edit` inanirudisha pale pale nilipokatizwa.

Saa 6 mchana. Mkaguzi wa msimbo amerudisha komiti zangu tatu zilizopandana, kila moja imejengwa juu ya nyingine. Anataka funksheni moja ibadilishwe jina, nayo iko kwenye komiti ya chini kabisa. Mimi kwa hili tu ningehama. Jujutsu hukipa kila kipande cha kazi kitambulisho cha kudumu, kwa herufi za k hadi z ili kisichanganywe na heshi ya Git, ile namba ndefu inayotambulisha komiti. Heshi hubadilika kila komiti inapoandikwa upya, kitambulisho hakibadiliki. Naingia komiti ya chini, nabadilisha jina, na zile mbili za juu zinapangwa upya zenyewe. Ya katikati imepata mgongano (mabadiliko mawili yamegusa mahali pamoja), lakini hakuna kilichosimama: mgongano umeandikwa ndani ya komiti yenyewe, nami naumaliza muda ninaoutaka. Git nayo haijalala, tangu toleo la 2.38 la mwaka 2022 `rebase --update-refs`, amri ya kupanga upya komiti, husogeza pia matawi yaliyopandana. Lakini ikikutana na mgongano, bado inakusimamisha katikati ya njia hadi umalize au uache.

Saa 8. Mwenzangu mmoja, fundi wa Git kwelikweli, ananiuliza: "Ndugu yangu, hii Git ninaijua ndani nje. Nihame ya nini?" Swali la haki. Mwaka 2005, Linus Torvalds alipoiandika Git baada ya wasanidi wa kerneli ya Linux kuondolewa leseni ya bure ya BitKeeper, zana waliyoitumia kabla yake, kuhamia zana mpya kulikuwa kuhamisha historia, seva na timu nzima. Safari hii seva haijui chochote, wenzako wanaona komiti za kawaida za Git, na huhitaji ruhusa ya mtu. Tena ni mzoefu ndiye anayefaidi zaidi, kwa sababu ndiye anayepanga upya historia kila siku na anajua panapouma.

Saa 9. Namwambia na yaliyo upande wa pili. Mradi wake mmoja unategemea submoduli (hazina za Git zilizowekwa ndani ya nyingine), ambazo Jujutsu bado haizishughulikii. Zile hati ndogo za Git (hooks) zinazokagua msimbo kabla ya komiti haziendeshwi. Na ukitumia zote mbili kwenye folda moja, kihariri chako kitasema HEAD, alama ya Git inayoonyesha ulipo, haiko kwenye tawi lolote. Kwa mradi ule nimemshauri abaki na Git, na sikusita.

Saa 10 jioni. Nagawa komiti kubwa kwa `jj split`. Mgawanyo wa kwanza haunipendezi, naandika `jj undo`, najaribu mwingine. Kila operesheni iko kwenye `jj op log`, kumbukumbu ya amri zote, hivyo najaribu bila kutengeneza kwanza tawi la akiba.

Saa 11. Mwenzangu amechagua mradi wake mwingine usio na submoduli, tumeandika pamoja `jj git init --colocate`, amri inayoweka Jujutsu kando ya Git kwenye folda ile ile. Ikimshinda, ataifuta folda ya `.jj`, arudishe tawi lake kwa `git switch`, aendelee na kazi.